Kukimbia Masika Milimani Usambara

Mwezi wa Aprili, mtu mwenye hiari yake hapandi Lushoto. Masika yamekolea, na barabara inayotoka Mombo, kilomita 33 za kona juu ya kona, huwa haiaminiki: leo unapita, kesho jiwe limeporomoka limekaa katikati na mabasi yanasubiri greda. Kwa hiyo nilipoona tangazo la mbio za milimani zitakazofanyika Lushoto katikati ya msimu huo, nilidhani wamekosea mwezi. Nikapiga ile namba ya kwenye tangazo. Kijana aliyepokea akacheka. "Hatujakosea, dada. Ukija Septemba utakuta vumbi. Sisi tunataka tope."

Nikalipa siku hiyohiyo.

Sina ugomvi na mbio za lami, tuelewane. Tanzania siku hizi wikiendi haipiti bila marathoni: ya benki, ya hospitali, ya mkoa, ya kuchangia madawati. Ile ya Moshi, Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, ndiyo iliyotuingiza wengi kwenye ugonjwa huu, na medali zake ninazo ukutani. Ila lami inamfanya mtu awe mtumwa wa saa. Kila kilomita unachungulia mkono. Dakika sita na sekunde kumi. Dakika sita na nusu. Hapo roho inaanza kukimbia kuliko miguu. Kwenye tope saa haina kazi. Kilomita moja itakuchukua dakika saba, inayofuata kumi na nane, na zote mbili umekimbia vizuri. Unabaki na ardhi iliyo mbele yako tu, na ardhi ya Usambara wakati wa mvua ina mambo mengi ya kumwambia mtu anayeitazama kwa makini.

Kwanza viatu, maana ndilo swali ninaloulizwa sana. Huhitaji kuagiza chochote nje. Viatu vya mbio za milimani huja kwenye marobota ya mitumba vikiwa vimechanganyika na raba nyingine, na wauzaji wengi hawavitofautishi, kwa hiyo bei yake huwa ya raba yoyote. Pale Karume, Dar es Salaam, usitazame jina wala rangi. Geuza soli. Unatafuta meno marefu, milimita tano kwenda juu, tena yaliyoachana. Kuachana kwake ndiko kwenye maana. Meno yaliyobanana hushika tope, tope likakauka nusu, likashika jingine, na baada ya dakika chache unakimbia na kilo nzima kila mguu huku soli yenyewe haigusi chini tena. Meno yaliyoachana huliachia kila unapokunja mguu. Kingine: kiatu kikubane kisigino. Kikilegea, tope litakivua mguuni na kubaki nacho.

Siku ya mbio tulianzia kwenye uwanja wa mpira, manyunyu yakishuka, ukungu umefunika milima yote kiasi kwamba mgeni asingejua yuko milimani. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, karibu kilomita nzima juu ya Mombo, na sisi tuliotoka pwani tulikuwa tunatetemeka na kujidai hatutetemeki. Walikuwepo watu wa klabu za jogingi za Dar na Tanga, vijana wembamba wa Arusha ambao ukiwaona tu unajua wamekuja kuchukua zawadi, wazungu wachache, na kundi la wanafunzi wa sekondari za hapohapo, wengine na raba za shule, wengine na yeboyebo. Filimbi ikapulizwa. Mshindi sikumwona tena mpaka jioni.

Njia ilipanda kuelekea msitu wa Magamba, na hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikulitarajia: kuna tope na tope.

Ndani ya msitu, chini ya mikulo mirefu yenye magome yaliyoshikwa na kuvu, ardhi ni nyeusi. Majani yaliyooza miaka na miaka yamefanya tandiko zito, mizizi inapita huku na huku, na mguu unazama kidogo, unachoropoka, unaenda. Unatota, ndiyo, lakini huanguki. Maji yote yanayotiririka kwenye majani ya juu yanapotelea humo ardhini, huyaoni yakikimbia popote. Nilikimbia kipande kile chote kwa raha, mbega wakipiga kelele zao za kukoroma mahali fulani juu, nikaanza hata kudhani tangazo lilitutia hofu ya bure.

Kisha msitu ukaisha ghafla, kama ilivyo Usambara kote, mstari wa miti na hapohapo mstari wa mashamba. Hatua tatu nje ya kivuli, nikapiga mwereka wa kwanza.

Nje, udongo ni mwekundu. Wekundu huo ni wa chuma iliyomo ndani yake, iliyoshika kutu kwa mvua za zama na zama, na mwingi wake ni mfinyanzi. Chembe za mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, nyembamba, bapa. Maji yakiingia kati yake zinateleza moja juu ya nyingine. Msituni mvua hupokelewa na majani kabla haijafika chini. Shambani tone linapiga udongo mtupu kwa nguvu zake zote, linavunja mabonge madogo, vumbi lake laini linaziba vitundu ambavyo maji yangeingilia. Maji yakikosa pa kuingia yanabaki juu. Ndiyo utelezi wenyewe: ngozi nyembamba ya tope juu ya ardhi ambayo chini yake, ukichimba kwa kidole, bado ni kavu. Meno ya kiatu yakifika kwenye ile kavu, umesimama. Yasipofika, unateremka ulivyo.

Aliyesema kuteleza si kuanguka hajashuka pale mwezi wa Aprili.

Baada ya muda mwili unajifunza wenyewe, na mambo yake ni kinyume cha hofu. Hofu inakuambia uegemee nyuma unaposhuka, na ukiegemea nyuma tu, visigino vinatangulia na wewe unafuata kwa makalio. Inabidi uegemee mbele kidogo, magoti yalegee, hatua ziwe fupi na za haraka, mguu usikae chini muda wa kutosha kuteleza. Usikanyage pale walipopita wenzako, pale pameshalainishwa. Tafuta ukingo wenye nyasi, hata kama ni mbali kidogo. Dimbwi lenye maji mengi ni afadhali kuliko sehemu inayong'aa bila maji, kwa sababu kwenye dimbwi unajua utazama, na kuzama hakuangushi mtu. Kupanda, usijifanye mwanaume wala mwanamke wa chuma: tembea, mikono juu ya mapaja, ncha za miguu zielekee nje. Wale vijana wa Arusha nao walitembea, tuliambiwa baadaye, ila kutembea kwao ndiko kukimbia kwangu.

Kwenye mteremko mmoja mrefu tope lilininata kwenye soli kama ugali wa muhogo kwenye mwiko, nikasimama kulikwangua kwa kijiti. Nyuma yangu akaja mama wa makamo, kikapu cha kabichi kichwani, kanga imefungwa juu ya magoti. Ndala zake zilikuwa juu ya kabichi. Miguu peku, vidole vimetanuka, kila hatua anaanza kwa kuubonyeza ukingo wa nje wa mguu kisha ndipo anaukabidhi uzito. Hakuharakisha wala hakusita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnakimbilia nini?"

"Mazoezi tu, mama."

"Basi mimi nina viazi vya kupalilia kule juu. Njooni mfanye mazoezi." Akacheka mwenyewe, akanipita, akaendelea kushuka. Nilimfuata nyuma nikikanyaga anapokanyaga, na kwa kipande kile sikuteleza hata mara moja.

Nilimuuliza anapeleka wapi. Akasema barabarani, kwa sababu mvua ikinyesha hivi Fuso haliwezi kufika kijijini, na bodaboda wenye minyororo kwenye tairi la nyuma wanachukua nauli ambayo kabichi hazirudishi. Mnunuzi anakaa kwenye lami anasubiri. Anajua kwamba mtu aliyeshuka na mzigo kichwani kwa mwendo wote huo hatakubali kupanda nao tena, kwa hiyo bei anaitaja yeye. Kabichi, karoti, pilipili hoho, mapeasi, vyote hivyo tunavyovinunua sokoni Kariakoo na kulalamika kwamba vimepanda, vimepita kwanza kwenye utelezi ule ule niliokuwa nimelipia ada kuukanyaga. Sikuwa na la kumjibu, naye hakuwa anadai jibu. Tulipofika njia panda alinionyesha kwa kidevu upande wa utepe wa mbio, yeye akashika wa kwake.

Kuanzia hapo njia ilishuka kwenye matuta. Ukiwa mbali, milima ya Usambara inaonekana imechanwa kwa kitana kipana. Ukiwa juu yake unaona ni ngazi za udongo, kila ngazi na ukingo wake wa majani. Nilishukia majani hayo. Nilishika, nikakaa, nikashuka, nikashika mengine. Yalinichana viganja, lakini bila hayo ningefika bondeni kabla ya muda wangu.

Majani yale yana historia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ya Waingereza iliona milima hii inavyokwenda na maji, ikaanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika bonde la Mlalo, kaskazini mwa Lushoto, kisha ikautandaza Usambaani. Wakulima wakaamriwa wachimbe matuta, na asiyechimba akatozwa faini. Kazi yenyewe iliwaangukia zaidi wanawake, ambao tayari walikuwa na mashamba ya kulima na watoto wa kulisha. Watu wakakataa. Wakakataa kwa mikutano, kwa kugoma, kwa kuacha tu majembe chini, na upinzani ule ukaingia moja kwa moja kwenye siasa za kudai Uhuru. Mpango ukafa kabla bendera ya mkoloni haijashushwa. Mwaka 1981 ukaja mradi mwingine, SECAP, wa Tanzania na Ujerumani, na huo ulikuja na sura tofauti: majani ya Guatemala kwenye kingo ili udongo uzuiwe na wakati huohuo ng'ombe aliyefungiwa zizini apate kula, miti katikati ya mazao, mifereji inayoukata mlima kwa usawa, kuvuka mteremko. Mkulima alipoona majani yanamlisha ng'ombe, hakuhitaji askari wa kumsimamia. Si mashamba yote yanayofuata hadi leo, na unayajua yasiyofuata kwa miguu yako mwenyewe: ndiyo unayoanguka.

Chini kabisa tulivuka kijito kwa kamba. Maji yalikuwa mekundu kabisa, rangi ya matofali, na mazito. Udongo wa juu wa shamba la mtu, ule wenye mbolea, ndio huo ulikuwa unapita kati ya magoti yangu. Maji ya upande ule yanashuka Soni, yanaruka maporomoko, yanafika Mombo ambako wakulima wa mpunga wanayaingiza kwenye mifereji ya umwagiliaji, na kila mwaka inabidi waingie na majembe kuizibua, maana mlima umejaa humo.

Nikiwa kwenye foleni ya kuvuka (ndiyo, kulikuwa na foleni, mbio za milimani zina foleni kama za benki), kijana wa nyuma yangu, mwalimu wa michezo, alianza kutusimulia habari za mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Mwaka 2001 yalipelekwa Ostend, Ubelgiji, kwa sababu Dublin, yalikokuwa yafanyike, ilizuiwa na hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo ya ng'ombe. Uwanja ukawa tope tupu. Paula Radcliffe wa Uingereza akapata ushindi wake wa kwanza wa mbio ndefu za wanawake wakubwa, na Kenya, kama ilivyokuwa kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003, ikachukua ubingwa wa timu ya wanaume. Mwaka uliofuata Dublin ikapata zamu yake na John Yuda wetu akaja wa pili kwenye mbio ndefu, nyuma ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Watu wengi kwenye foleni walikuwa hawajawahi kulisikia jina la John Yuda. Aibu ni yetu, si yake. Tunamkumbuka Filbert Bayi, tena kwa rekodi ya mita 1,500 ya Christchurch ya 1974 tu, halafu tunaruka hadi Alphonce Simbu wa marathoni utadhani katikati hapakukimbia mtu.

Kilichonichekesha zaidi ni habari ya Aarhus, Denmark, 2019. Kule waandaaji waliwapandisha wakimbiaji juu ya paa la makumbusho, paa lililooteshwa nyasi, na kwenye njia wakaweka kipande cha mchanga, kipande cha maji na kipande cha tope. Walilitengeneza. Watu walikaa kwenye kikao, wakapitisha bajeti, wakaleta udongo na maji, ili washindi, Joshua Cheptegei wa Uganda na Hellen Obiri wa Kenya, wapate pa kuchafukia. Mwalimu alipomaliza kusimulia, mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa ameshika kamba upande wa pili akauliza kama hao Wadenishi wanaweza kuja kulichukua la huku.

Kilomita za mwisho sina mengi ya kusema. Zilikuwa barabara ya magari, imechimbika, mvua imeongezeka, na miguu ilishamaliza hoja zake zote. Nilimaliza. Nilipewa medali na kikombe cha chai ya tangawizi, na chai ndiyo niliyoishika kwa mikono miwili.

Jambo moja la afya, kwa sababu waandaaji wengi hawalisemi na kule nilikokuwa hawakulisema. Tope halitoki mbinguni; limepita kwenye zizi, kwenye shimo la panya, kwenye njia ya mbuzi. Mwaka 2022 kule Ruangwa, mkoani Lindi, tulisikia ugonjwa wa ajabu unaowatoa watu damu puani, na walipopima wakakuta ni homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa wanyama, panya hasa, kupitia maji na udongo. Inaingilia kwenye mchubuko. Mwaka 2000 iliwakamata wanamichezo kadhaa walioshiriki mashindano makubwa ya kupita misitu na mito kwenye kisiwa cha Borneo. Sisemi msikimbie. Nasema ukifika, kabla ya picha, tafuta bomba, osha kila palipochubuka kwa sabuni, na ukishikwa na homa na maumivu ya misuli ndani ya mwezi mmoja usimwambie daktari kwamba ni malaria tu. Mwambie ulikuwa kwenye tope. Sindano ya pepopunda nayo iwe imeshachomwa kabla ya safari.

Na viatu: toa soli ya ndani, suuza kwa maji baridi, jaza magazeti, badilisha magazeti usiku, weka penye upepo. Usiviweke juani wala karibu na jiko, gundi itaachia. Soksi nyeupe zisahau.

Jumapili asubuhi, kabla ya kupanda basi, nilirudi kwa miguu hadi kwenye kile kipande nilichomfuata yule mama. Mvua ilikuwa imekatika usiku. Palipokuwa na njia ya mguu mmoja, yenye ukingo wa nyasi aliotumia kushukia, pamekuwa na mtaro wa upana wa mita mbili. Miguu yetu mamia, kila mmoja akikwepa alipopita mwenzake kama nilivyowashauri hapo juu, ilikuwa imeila nyasi yote. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa pale na vijana wawili wenye majembe, wanakata vizuizi vya kupotoshea maji ili mvua ya jioni isigeuze ule mtaro kuwa korongo. Nilimsalimia, nikamuuliza kama wameongea na waandaaji. Akasema wameongea. Wamewaambia mwakani wabadilishe njia, wapite upande mwingine wa bonde.

Lakini upande mwingine wa bonde nao una mama mwenye kabichi, na una nyasi zilezile. Nimewaandikia waandaaji kwamba sehemu ya ada ya kila mkimbiaji itengwe mapema kwa ajili ya changarawe, mawe ya ngazi kwenye miteremko mikali, na malipo ya siku mbili za vijana wenye majembe. Na kwamba idadi ya namba za kifuani iwe na kikomo, tena kidogo. Wamejibu kwamba watalipeleka kwenye kikao. Fomu za mwakani zimeshafunguliwa, na kwenye fomu hakuna mstari wa changarawe, kwa hiyo yangu sijaijaza bado.